Kiti cha Jikoni

Dagoretti Corner,
Jumapili

Dada yangu Awuor,

Dawa ya macho imefika, asante. Mwenye nyumba hatimaye amepaka ngazi rangi.

Jana alikuja Nidhi, aliyekuwa akiandika programu za kompyuta na mwanangu Oduor kule ofisini Hurlingham. Programu aliyoiacha Oduor imekwama, na wasipolipata kosa wiki hii wataifuta yote. Nikamwambia mimi kompyuta siijui.

"Najua, Anti, ndiyo maana nimekuja. Sisi tukikwama tunaelezea mtu asiyejua. Wengine wanaelezea bata wa plastiki. Oduor alikuwa anaturingia ati yeye ana mathe wake."

Unakumbuka alivyokuwa akinieleza mambo yake nikichambua mchele? Nilidhani ananiondolea upweke. Kumbe nilikuwa kazini.

Tangu tumzike sijamruhusu mtu kukalia kiti chake cha jikoni. Nilisimama kidogo, kisha nikamvutia Nidhi kiti hicho, nikamimina mchele kwenye sinia. Akaeleza mstari baada ya mstari. Sikuelewa lolote. Kila alipotua nilimuuliza nilivyokuwa nikimuuliza Oduor: "Halafu?"

Mara akanyamaza, kidole kikiwa hewani. "Ngoja, Anti," akasema, akaanza kuandika haraka haraka.

Oduor naye alikuwa akisema, "Ngoja, Mathe." Basi nikangoja, dada, mkono ndani ya mchele, mpaka akamaliza.

Salimia watoto. Mimi niko, nakula.

Mdogo wako,
Jacklyne