Wadudu Wanasafiri Mchana

Mlimani Wanale, Mbale
Jumanne asubuhi

Mama Zawadi, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Uko mzima? Zawadi amepona kikohozi? Na mama mkwe, goti lake bado linatabiri mvua? Mimi nimenona, na watu wa hapa wananiita Afande, ingawa jeshini nilikuwa mpishi tu. Sikuwasahihisha.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Jana jioni nilikupigia nikueleze haya utakayosoma, ukacheka mpaka ukakata. Leo hupokei, najua uko na samaki wako. Kwenye karatasi hutasikia sauti yangu ya kukuchekesha, kwa hiyo soma polepole.

Kazi yangu unaijua: namsaidia Daktari Nambozo, yule mama wa chuo anayechunguza wadudu wa mtoni. Mimi niliyefika Juba na Mombasa, sasa navua vitu vidogo kuliko punje ya mchele! Wana mikia mitatu, wanajibana chini ya mawe. Usiku wanayaachia mawe wachukuliwe na maji, kwa sababu samaki hawawaoni. Mchana hawathubutu. Ndiyo maana tunatega wavu wa usiku na wavu wa mchana, na huo wa mchana huwa mtupu kama jiko la kapera.

Jana mchana niliuinua, ukawa mzito. Umejaa, wanafurukuta. Nikaenda kwa daktari nikiringa, nikamwambia mkono wa Afande hauchagui saa. Hakucheka. Aliuliza maji yamefika wapi kwenye kijiti cha kupimia. Nikasema yameshuka sana. Akatazama kilele, kulikuwa kweusi, mvua inapiga tangu asubuhi.

"Huko juu inanyesha, hapa maji yanapungua," alisema. "Sasa yako wapi?"

Mama Zawadi, nikaacha kuringa. Anasema huenda udongo umeporomoka huko juu ukaziba kijito, na maji yanajikusanya nyuma yake. Wadudu wameona maji yanawakimbia, wakaachia mawe bila kungoja giza. Siku udongo huo ukiachia, kila kitu kitashuka pamoja. Ameshakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na majirani zetu wa hapa juu wanahamisha mbuzi.

Lakini ndugu yako Isabirye yuko chini kule Nabuyonga, katikati ya mto huu huu, anachimba mchanga. Kwake maji kupungua ni sikukuu, anachota bila kulowa magoti. Nilimshukia jana hiyo hiyo nikamweleza yote. Wenzake waliegemea sepetu zao wakicheka. Yeye akaniambia, "Shemeji, mwaka jana ulimuua mamba kwa mwiko. Leo umeleta wadudu?"

Mamba alikuwepo, wewe unajua. Mwiko ndio niliouongeza.

Nikamshika mkono nimvute. Akaniondoa taratibu, kwa heshima, kama unavyomwondoa mlevi mlangoni. Hapo ndipo nilipoumia. Maneno yangu nimeyatumia ovyo miaka yote, na sasa ninapoyahitaji hayana nguvu.

Kwa hiyo sikiliza. Barua hii nampa dereva wa lori la kabichi anayeshuka Jinja sasa hivi, akuletee mkononi hapo Wanyange. Ukiipata, mpigie Isabirye, mwambie mama ameanguka, anamtaka nyumbani leo. Najua mama ni mzima. Mimi nikimwambia hivyo atauliza mamba yuko wapi. Wewe tangu nikuoe hujadanganya hata bei ya sangara. Uongo wako wa kwanza utampandisha gari. Dhambi yake niwekee mimi, kwenye rundo langu haitaonekana.

Nisalimie mama mkwe sana, na umwombe akae kitandani leo na goti lake, ili uongo upungue kidogo. Mwambie Zawadi baba anamletea asali ya mlimani. Msalimie pia jirani yako anayekausha mukene, wale dagaa wa ziwani, mwambie bado namdai kicheko.

Nimetoka kuutazama wavu kabla ya kufunga bahasha. Hauna kitu. Maji hayaufikii tena, na mawe yaliyokuwa chini yameanza kukauka juani. Mvua ya kilele haijakatika.

Mpigie kabla hujaikunja karatasi hii.

Ni mimi mumeo, na leo sifanyi mzaha,
Baba Zawadi