Sungura wa Uchumba Wako Amepona

Amezaa! Mwanangu Ndahani, sungura wako amezaa, amezaa nyumbani kwa mzee Chilewa, mbele ya macho ya mzee Chilewa mwenyewe, na Chiku ni wako! Kama umesimama, kaa. Ukishakaa, rudia kusoma hapo juu, halafu wasomee wenzako wa kambini kwa sauti. Usiwafiche kitu. Nataka kila mtu anayelaza vyuma vya reli kuelekea Tabora ajue mama yako ni nani.

Sasa salamu. Mbukwa, mwanangu. Sisi huku Nkuhungu tu wazima, mtama umesimama vizuri, ndege wanajaribu lakini mama yako yupo. Mwandiko wangu utauona umepinda kidogo, usiucheke, misheni walinifundisha kusoma kuliko kuandika. Mkono huu umefanya kazi nyingine kubwa, na ndiyo nitakayokuandikia.

Unakumbuka siku tuliyompeleka yule sungura wa kijivu kwa mzee Chilewa? Mbuzi wetu walikwisha kwa jua, na uchumba bila mnyama wa kutangulia si uchumba. Ukaamua kupeleka ulichokuwa nacho. Ulimbeba kwenye kikapu, umevaa kanzu ile ya Jumapili, na njia nzima ulikuwa unamfunika na kumfunua kama mtoto mchanga. Mzee Chilewa alipofunuliwa kikapu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Nimeomba mbuzi, naletewa panya mwenye masikio!"

Wewe uliinamisha kichwa. Mimi sikuinamisha. Nilimwambia, "Mzee, panya huyu atakujazia ua kabla mbuzi wako hajamaliza kutafuna." Wazee wote wakacheka, na kicheko chao ndicho kilichotuokoa, maana mzee Chilewa hapendi kuonekana amekosa la kujibu. Akasema mbele yao, "Haya. Akae hapa kwangu. Akizaa hapa, namhesabu mbuzi, na maneno ya mahari yaendelee. Akifa kabla ya kuzaa, uchumba umekufa naye, wala asije mtu kulia mlangoni pangu." Chiku alikuwa nyuma ya mama yake, anakutazama. Nilimwona. Ukaondoka kwenda kwenye reli na moyo wako ukauacha ndani ya kile kikapu.

Basi, katikati ya mvua nilikuwa napalilia nikamwona Chiku anakuja mbio kutoka kwao Nzuguni, matope mpaka magotini. Hata shikamoo alinipa akiwa bado anahema.

"Shikamoo mama. Kamata amemng'ata."

Kamata ni mbwa wao, yule mwekundu asiye na adabu. Alikuwa amemnasa sungura wako paja la nyuma na kumtupa huku na huku kabla Chiku hajamkomboa kwa mchi. Nikauliza, "Mmemfanyia nini?" Akasema mama yake amemhurumia sana, amefanya kama anavyofanya kwa ndama wao: amekandika kidonda kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe, juu yake samli, na kumlaza ndani pembeni ya ndama ili apate joto. Yaya we! Mwanangu, ng'ombe ana ngozi ya ng'ombe. Sungura ana ngozi kama karatasi, na pembeni ya ndama ndipo nzi wote wa Ugogo walipojenga.

Nilipokuwa nakwenda Nzuguni nilikukumbuka wewe. Nilikukumbuka ulivyorudi kutoka bustani ya misheni ukiwa bado mdogo, sungura ndani ya shati, ametafunwa na kicheche kupitia tundu la banda. Padri alitaka achinjwe, wewe ukamwomba akupe. Nami nikamnyanyua kwa masikio, kama ninavyonyanyua kila kitu, ukapiga kelele: "Si masikio, mama! Mshike kifua, na mkono mwingine umbebe matako!" Tukamwosha kwa maji ya chumvi, wewe unalia kuliko yeye. Ile asali, nakukumbusha kama umesahau, ilikuwa akili yangu. Bibi yangu alikuwa akiipaka kwenye vidonda vya moto, nami nikasema, kama inamfaa mtu, sungura ni nani aikatae? Akapona. Siku alipoanza kuruka uani tena ulinikumbatia miguu mpaka nikamwaga unga. Unga ule sijaujutia.

Basi nikafika. Mzee Chilewa amekaa kwenye kigoda chake anasubiri.

"Mama Ndahani, umekuja kuaga panya wako?"

"Nimekuja kumwamsha, mkwe."

"Bado sijawa mkwe wako."

"Utazoea tu."

Lakini nilipomfunua, mwanangu, sikuwa na utani tena. Kidonda kilinuka. Kwenye kile kinyesi nzi walikuwa wameshataga, na funza wadogo walikuwa wameanza. Sungura alijikunja, hali, meno anayasaga kwa maumivu. Na kumchukua nije naye kwetu sikuweza, maana neno la mzee lilikuwa "hapa kwangu". Kulala kwao nako ni aibu. Mama wa kijana hawezi kulala wala kula kwa wakwe kabla mahari haijazungumzwa. Nikasema basi, nitakuja asubuhi na kurudi jioni, na chakula changu nitabeba mwenyewe.

Tukaanza. Maji tuliyachemsha, tukaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, chumvi ya Bahi kidogo tu, isizidi ile ya kwenye machozi, maana ikizidi inachoma na kuharibu nyama. Mikono kwanza kwa sabuni, mimi na Chiku. Nikamfunika sungura kichwa kwa khanga apate giza, maana mnyama huyu woga peke yake unaweza kumuua. Chiku akamshika kifua na matako, sikumwambia mimi, alisema wewe ndiye uliyemfundisha! Nikanyoa manyoya pande zote za kidonda kwa wembe, taratibu. Tukamimina maji, tukamimina tena, mpaka kinyesi na samli vikatoka vyote. Funza tukawatoa mmoja mmoja kwa ncha ya unyoya wa kanga, na unyoya mwingine msafi ndio tuliopakia asali, nyembamba kabisa. Mama Chiku akaleta kitambaa tufunge. Nikakataa. Jino la mbwa huingia ndani na kuacha tundu dogo juu. Ukifunga, usaha hukosa njia, na sungura mwenyewe atakitafuna kitambaa akimeze. Kidonda kikae wazi, kioshwe asubuhi na jioni, jioni Chiku aoshe peke yake.

Sasa alale wapi? Ndani kuna nzi, nje kuna Kamata. Nikaliona lindo lao, lile pipa kubwa la gome la mti la kuwekea nafaka, limesimama tupu, si unajua kabla ya mavuno. Gome kavu, safi, halina harufu. Nikamwomba mzee tulilaze kivulini. Akaguna, "Panya kwenye ghala langu la mtama! Sasa mmemaliza." Lakini akalishika upande mmoja tukalilaza. Tukatandika nyasi kavu, zikilowa tu zinabadilishwa, na mdomoni tukafunga kitambaa cha merikani kilichochemshwa ili nzi wasipite. Kamata akafungwa kamba nyuma ya nyumba.

Kilichonitia hofu si kidonda, ni tumbo. Sungura asiyekula utumbo wake husimama, na ukisimama hakuna dawa. Nilimpelekea majani ya viazi, hataki. Mlenda mbichi, hataki. Mzee Chilewa akapita, akachungulia, akasema kwa upole kabisa, na upole wake ulinitisha kuliko kejeli, "Mama Ndahani, achana naye. Kesho apikwe, habari iishe. Kijana wako atapata mwingine." Chiku akaangalia chini. Machozi yakamdondokea mkononi, hakuyafuta.

Nikamwambia, "Mzee, mimi sijafika hapa kwa miguu kila siku ili nije kula supu."

Chiku akaondoka. Akarudi na majani machanga ya mchunga kutoka bondeni, akayafikicha mpaka yakatoa utomvu, akampaka sungura midomoni. Sungura akalamba. Akalamba tena. Halafu akang'ata jani lenyewe! Sikupiga vigelegele, nilijizuia, ningemshtua. Kesho yake tukakuta mavi yake ndani ya lindo, mviringo, makavu, mazuri. Mwanangu, sijawahi kufurahia mavi hivyo maishani mwangu. Nilimwonyesha mzee Chilewa kiganjani. Akasema, "Mwanamke huyu ana wazimu," na akaja kuangalia vizuri zaidi.

Harufu ikaisha. Nyama ikawa nyekundu, ikaanza kujaa kutoka ndani kuja nje, kama inavyotakiwa, si juu kufunga na chini kuoza. Mguu anauburuta kidogo mpaka leo, lakini anaruka. Tukamwacha anenepe kabla ya kumtafutia dume la misheni. Na mwisho wa mimba, asubuhi moja, mzee Chilewa alinijia mwenyewe mpaka Nkuhungu, yeye ambaye hajawahi kuja kwangu, na mkuki mkononi:

"Mama Ndahani, ugonjwa umerudi! Anajinyonyoa manyoya ya tumbo!"

Nilicheka nikakaa chini. "Mkwe, anatandika kitanda."

Akasimama hapo. Halafu akasema, "Mkwe." Akageuka kurudi, mwendo wa kijana.

Watoto wa sungura ni wazima, wamejaa kwenye manyoya yale kama mayai. Mzee amekaa mlangoni na mkuki wake anamlinda mama yao dhidi ya mbwa wake mwenyewe, na akipita mtu humwambia, "Usipige kelele, mbuzi wangu wamelala." Wazee waliosikia neno lake siku ile wamelisikia tena, na amelithibitisha.

Nimesikia kutoka kwa wapitao na treni kwamba kambini wanakuita fundi wa vidonda, kwamba mtu akikatwa na chuma anakuja kwako umwoshe. Najua ulikojifunzia, hata usiposema. Lakini nawe jioshe, Ndahani. Jino la mbwa na ncha ya chuma ni ndugu. Usifunge tundu refu. Usimwachie nzi. Chiku ameniomba niliandike hili mara mbili, basi naliandika: jioshe.

Nakukumbuka sana hapa nyumbani, mwanangu. Nikipika huwa bado nachota unga wa watu wawili. Lakini sina huzuni leo, leo nimejaa. Nimepata binti anayejua kushika kifua na matako, anayetafuta mchunga wakati watu wazima wanatafuta sufuria. Ungemchagua nani tena? Ulichagua kwa macho yangu.

Mzee Chilewa amekubali mahari izungumzwe na ndoa ifungwe siku moja, tusisubiri msimu mwingine. Ndugu wa Haneti nimewapelekea habari, watakuja na ngoma zao. Mwambie msimamizi wako mapema, wala hana sababu ya kukataa, maana siku hiyo Wajerumani wenyewe hawafanyi kazi. Panda treni, njoo na wenzako wote watakaoweza, nyumba itatosha, isipotosha watalala juu ya paa. Tunawangoja wote Jumatatu ya Pentekoste.

Mimi mama yako, aliyekuzaa na sasa anayekuoza.