Mlango wa Nne wa Banda la Farasi

Jumapili jioni. Mvua ya London, ile isiyonyesha sawasawa wala kukoma. Nimekasirika tangu saa sita mchana na chai ya pili bado haijanituliza.

Leo nimempeleka Papaji, baba yangu, kutazama jumba moja la kale, mabasi mawili kutoka kwetu Woolwich. Ana miaka themanini na tisa. Kule Kisumu alikuwa seremala, kalasinga aliyejulikana mtaa mzima. Mwaka wa sitini na nane tuliingia London na pasipoti zetu za Kiingereza na masanduku matatu ya mbao, na kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa kukarabati mabanda ya farasi ya jumba hilo. Ndivyo alivyotusimulia miaka yote.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwamini sana.

Na kuna baya zaidi. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu anafanya kazi ofisini.

Jumba lenyewe ni nguzo ndefu na madirisha yaliyopangwa kwa rula. Uzuri uko nyuma, kwenye mabanda. Unapita chini ya tao la matofali mekundu, unatokea kwenye ua wa mawe, na pande tatu zote ni milango ya mbao za mwaloni iliyokatwa katikati, ili farasi atoe kichwa juu huku chini kumefungwa. Papaji, kwenye kiti chake cha magurudumu, aliihesabu milango kwa kidole.

Mama wa Kiingereza aliyetutembeza alituambia milango hiyo ina zaidi ya miaka mia mbili. "Siku hizi hakuna tena mikono ya kazi kama hii," akasema.

Papaji akanigeukia. Sisi wawili mbele za watu huongea Kiswahili. "Mwambie hii nimetengeneza mimi. Ile ya zamani ilikuwa imeoza yote."

Nikamwambia. Akatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mzee, akauliza kama tuna barua yoyote, au picha, ya kuthibitisha.

"Afungue ya nne," Papaji akasema. "Aangalie ubao wa chini, kwa ndani. Mwaloni iliniishia, bwana mkubwa anataka kazi iishe Ijumaa. Nikavunja sanduku letu moja, nikaweka mvule."

Sehemu hiyo hakuwahi kutusimulia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini sanduku la tatu liliibiwa uani.

Nikaufungua mlango mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Ubao wa chini ulikuwa mvule. Masanduku mawili yaliyobaki yako chumbani kwangu, nayapangusa kila wiki. Mbao zile nazijua hata gizani. Mti wa kwetu, ndani ya mlango wao wa miaka mia mbili!

"Pengine ni kiraka cha baadaye," yule mama akasema kwa upole. "Nitawaarifu ofisini."

Hatujafika hata kwenye tao, nikamsikia akiwaambia wageni wengine: miaka mia mbili, hakuna tena mikono kama hii.

Mikono yenyewe ilikuwa mbele yake, imelazwa juu ya blanketi la Papaji.

Ndani ya basi nililalamika njia nzima. Papaji alikuwa anacheka. "Bwana mkubwa aliniambia tengeneza kama ya zamani. Sasa wanasema ni ya zamani. Wewe unalia nini?"

Nalia nini? Nalia kwa sababu mlango unaheshimiwa na aliyeutengeneza anaombwa barua. Na kwa sababu, nikiwa mkweli, mimi moyoni nilimwomba barua hiyo kabla ya huyu mama, kwa zaidi ya miaka hamsini, kila nilipoitikia "ndiyo, Papaji" nikiwaza mengine.

Tulipofika nyumbani nilikaa kuwaandikia watu wa jumba barua kali. Papaji akaniita kutoka kitandani.

"Usigombane nao. Waambie tu bawaba ya chini ya mlango wa nne inataka mafuta. Nimeisikia."

Nimeandika yote mawili, jina lake likiwa mstari wa kwanza. Asubuhi naipeleka posta mwenyewe.