Kalamu Isiyo na Wino

Seven Hills, Sydney

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwaendeleaje huko Voi, na mvua imefika au bado inawazungusha? Mimi mzima, ila moyo hautulii, na safari hii sitakuficha.

Tangu Pasaka mkono wangu wa kulia umekuwa ukifa ganzi. Wajua kazi yangu ni kupanga zamu za wauguzi kwenye kompyuta: kutwa nasukuma mausi, kile kipanya cha kompyuta, na kuburuta majina. Nikawa nafunga kiganja kwa kitambaa chini ya sweta, nameza dawa, nanyamaza. Nilikuwa nakukumbuka wewe, ulivyopiga chapa afisini hadi vidole vikagoma, wakakwambia ukapumzike nyumbani, na hakuna aliyekuita tena.

Mwezi uliopita mausi iliniponyoka, jina la muuguzi mmoja likaangukia zamu mbili mfululizo. Alipiga simu akilia kwa uchovu. Msimamizi wangu, Helen, akaniita. Nikajua yamekwisha.

"Ni mkono, sivyo?" akauliza. "Nimekuona ukifungua chupa kwa meno."

Nikakana. Kisha nikalia.

Wiki iliyofuata akaniletea kibao cha wachoraji, chembamba kama sinia, na kalamu yake isiyo na wino. Ukiigusisha kalamu juu yake, mshale unatembea kwenye skrini. Mkono unashika kama unaoandika barua. Mwanzoni majina yaliruka kila upande. Jirani yangu wa meza akatania, "Leo tunachora maua?" Nilicheka, lakini kila mtu akipita nilikifunika kibao kwa faili.

Ganzi imepungua. Hata hivyo Helen akisimama mlangoni tu, nadhani ameleta barua ya kunifuta kazi. Jana alileta fomu, niseme kama nitakihitaji kibao hiki siku zote. Nilizunguka nayo hadi chooni. Saa ya kutoka nikaandika ndiyo.

"Ulijifunza wapi kuficha maumivu hivyo?" akaniuliza. Nikamsimulia habari zako.

Akasema, "Na mikono ya mama yako, sasa ikoje?"

Mama, nilimwambia sijui. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza.

Ikoje? Ndugu yangu Mwakio akuandikie, lakini maneno yawe yako, na usiniambie ni mizima ikiwa si mizima.

Nisalimie shangazi wa pale dukani, na mjomba fundi baiskeli. Mungu akutunze hadi tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Mghoi