Zamu Mbili, Kitanda Kimoja

Ghorofa ya pili, juu ya duka la kamba,
Bandarini.
9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi huku ukilisema? Sisi tulifika salama jana, ila mgongo wangu una malalamiko yake.

Najua ulikuwa roho juu. Siku tatu usiku na mchana kando ya pwani bila kutia nanga, na ndani ya mashua ni mimi na shemeji yako tu, ambao mwaka mzima tumesemeshana habari za gesi na funguo tu. Mpango uliujua: tumfikishie mnunuzi mashua yetu, kisha yeye arudi karakanani kwake, mimi nije nikae kwako, kila mtu na maisha yake.

Usiku tulipokezana kila baada ya saa mbili. Mmoja anashika usukani na kutazama tanga, mwingine analala. Kitanda ni kimoja, basi kila nikiingia nakikuta bado kina joto lake. Hilo sikulitegemea.

Usiku wa mwisho nilimwona amechoka hoi, nikamhurumia. Zamu yangu ilipokaribia kwisha nikairudisha nyuma saa ya ukutani robo saa, alale kidogo zaidi. Zamu iliyofuata, vilevile. Nikajiona mjanja kweli.

Zamu ya tatu nikasinzia. Nilishtuka tanga linapigapiga na mawe ya pwani yako karibu mno. Shemeji yako alitoka mbio, tukaigeuza mashua pamoja. Jua lilikuwa limeshachomoza lote. Saa ilisema kumi na moja alfajiri.

Nikakiri kwamba nimeiba nusu saa. Lakini kwa jua lile, muda uliopotea ulizidi saa nzima. Akainamisha kichwa.

“Dakika zilizobaki niliziiba mimi,” akasema. “Nilitaka ulale.”

Nililia, mdogo wangu, wala sikujificha. Naye alicheka mpaka akakaa chini.

Mashua tumeikabidhi. Saa tumeing'oa, haikuwamo kwenye mapatano.

Nisalimie shangazi, na mumeo, mwambie nimemsamehe alivyonicheka kwa safari hii. Mungu akupe usingizi mzuri na wa kukuamsha kwa upole.

Kile kitanda cha futi tatu ulichoniwekea, tafadhali kibadilishe. Tunakuja wawili.

Akupendaye daima,
Dada yako