Saga ya Nekesa

Jumatatu, 6 Mei
Mvua tangu alfajiri. Miwa ya bondeni imelala. Sikwenda shambani. Nekesa, binti yangu, hajatoka chumbani. Alijifungua kwa kupasuliwa wiki iliyopita. Mume wake yuko kazini Nakuru, ndiyo maana nimemleta hapa kwangu Matungu. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Mimi nakaa sebuleni najifanya nasikiliza redio.

Felista, mke wa ndugu yangu, alitoka chumbani akaniambia bila kuzunguka: maziwa hayatoki. Nikatazama chini. Baba hawezi kuuliza mambo kama hayo. Marehemu mke wangu angejua la kufanya. Naogopa.

Jumanne, 7 Mei
Nimekumbuka! Saga, mboga ya kuleta maziwa. Kila mzazi wa boma hili, marehemu alimpikianga saga ya porini. Ile chungu inayoota yenyewe kwenye mazizi ya zamani, si hii laini ya sokoni. Felista hawezi kwenda, mgongo unamsumbua. Nitachuma mwenyewe. Mzee mzima na kikapu. Wacha wacheke.

Nimeipata kule karibu na mto, tele! Shina la zambarau, majani kama vidole vitano, yananata mkononi. Nilicheka peke yangu. Katekista alinikuta njiani, akayaangalia yale majani, akaniangalia mimi. Nadhani anafikiri nimeanza kuuza bangi. Shauri yake.

Felista alitaka apike yeye. Nimekataa. Kichwa changu ni kigumu, najua.

Jumatano, 8 Mei
Nimeharibu. Nilikaanga kama kabichi, kitunguu na nyanya. Felista akapeleka bakuli kama chakula chake. Tumekubaliana hivyo, maana Nekesa akijua ni babake anampikia mboga ya kuleta maziwa, atakufa kwa aibu. Mimi pia. Alionja kijiko kimoja akarudisha. Chungu kama mwarobaini. Nilikasirika mpaka nikamfokea jogoo.

Felista alicheka hadi akakaa chini. Kumbe saga inachemshwa, maji yanamwagwa, inatiwa maziwa, inalala chunguni, kesho yake inapashwa na kuongezwa maziwa tena. Si ungesema, shemeji? Ati sikuuliza.

Alhamisi, 9 Mei
Mara ya pili. Nilifika mtoni umande haujakauka. Majani machanga tu. Nimechemsha, nimemwaga, nimetia maziwa ya ng'ombe wangu. Nimefunika. Kila saa nafunua kunusa. Inanukia vile alivyopika marehemu! Siwezi kutulia.

Ijumaa, 10 Mei
Bakuli limerudi tupu! Limepanguswa kwa tonge la obusuma hadi linang'aa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko kama mwizi wa kuku. Nekesa akaomba lingine. Lingine! Jioni nimechuma tena, nikiimba nyimbo za kanisa kwa sauti yangu mbaya.

Jumamosi, 11 Mei
Amekula mara tatu. Mtoto bado analia. Felista anasema subira huvuta heri. Subira yangu iliisha Jumatatu. Saga ikishindwa, mimi sina kingine ninachokijua.

Jumapili, 12 Mei
Yametoka! Felista alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Anasema mtoto amenyonya akashiba, akalala mdomo wazi. Nilitoka nje nikaruka. Kweli niliruka, na goti hili langu bovu. Kanisani nilitoa shukrani bila kusema ni ya nini. Katekista akaitikia amina polepole sana.

Jumatatu, 13 Mei
Kimya. Mtoto amelala. Nilikuwa jikoni nachambua saga, mlango wazi, nikidhani Nekesa amelala pia. Akaingia polepole, ameshika tumbo. Akakaa kwenye kigoda cha mamake. Akachukua nusu ya majani, akayaweka mapajani. Tukachambua pamoja.

Tulipokaribia kumaliza akasema, bila kuniangalia, "Baba, kesho punguza chumvi."

Nikasema sawa.