Karatasi Niliyochelewa Kuibandika

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu Kericho. Mvua imeanza saa nane na haijanyamaza. Nimechoka, mama. Kazi nimeizoea, kinachonichosha ni neno moja ninalolibeba tangu Jumatatu bila kulitua.

Unakumbuka nilivyowaandikia watu barua mlangoni petu, kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai? Nilikuwa darasa la sita. Wanawake waliotoka kuchuma walikaa kando ya vikapu vyao wakingoja zamu, na wewe hukukubali bahasha ifungwe kabla sijamsomea mwenyewe yale niliyoandika. Siku moja niliharakisha kwa sababu wenzangu walikuwa wananiita mpirani. Ukanishika sikio.

"Soma tena. Mtu asiweke kidole kwa kitu hajasikia."

Mama Chebet, aliyekuwa akingoja zamu yake, akacheka, akasema karani wako huyu atakufa njaa, kazi moja anafanya mara mbili. Tangu siku hiyo ukaniita "karani wangu", hata kabla sijajua karani hufanya nini.

Nakumbuka pia wodi ile ya hospitali ya Serikali. Walikuwa wamekupasua tumbo, na jeraha likapona juu huku ndani ukiungua. "Nimeambia daktari kuna kitu ndani," uliniambia. "Anasema ni hewa." Nilikuja kila jioni kutoka ofisini, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, tukaongea habari za ng'ombe na za mvua. Walipokupasua mara ya pili, daktari mwingine akatoa kitambaa kilichosahauliwa humo. Siku tatu baadaye hukuamka.

Baba hakutaka kulipiza. Alitaka tu daktari wa kwanza asimame mbele ya hakimu aulizwe kwa nini hakukusikia. Lakini alisema kwanza tukuwekee msalaba. Unajua desturi yetu: msalaba wa saruji huwekwa mwaka ukiisha, udongo ukishashuka, na ndugu wote wa Kisii wakiwapo. Kulitaja jina lako kortini kabla ya hapo, kwake, kulikuwa sawa na kukuvuta kutoka kaburini. Akaniuliza kama tutachelewa. Nami, karani wa wakili, nikafungua kitabu cha sheria, nikamjibu bila wasiwasi kwamba tuna miaka mitatu.

Kazi yangu hukuwahi kuiona, kwa hiyo nikueleze. Serikali ikibadilisha sheria, ofisini huletwa vipande vya karatasi vilivyopigwa chapa. Karani huvikata, huvipaka gundi, na kuvibandika juu ya maneno ya zamani, kitabu baada ya kitabu, mpaka vidole vinakakamaa. Vilivyokuja majuma yale ulipokuwa wodini nilivisukuma ndani ya droo nikakimbilia kwako. Baada ya mazishi sikuweza kuifungua droo ile. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo.

Msalaba ukawekwa. Ni mzuri, mama, na jina lako limeandikwa bila kosa. Wiki mbili baadaye, Jumatatu hii asubuhi, nikimngoja baba aje kuweka kidole kwenye karatasi za kesi, nikaifungua droo. Kipande cha tatu kilisema kwamba mwenye kuishtaki Serikali kwa kosa la namna ile sasa ana mwaka mmoja tu. Nilikisoma tena na tena. Kisha, kwa woga, nikakibandika.

Baba alikuja amevaa koti lake la harusi. Kidole gumba alikuwa amekisugua kwa jiwe mpaka weusi wa majani chai ukatoka. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba kitabu. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa gundi mbichi. Akazitenganisha taratibu, akavitazama vidole vyangu.

"Pole, mzee," akamwambia baba. "Sheria ilibadilika kabla mama hajafariki. Mlikuwa na mwaka mmoja."

Baba akamshukuru. Kwenye ngazi akaniwekea mkono begani.

"Hawa wakubwa wanabadilisha vitu na hawaambii watu. Hata wewe hawakukuambia."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Akaenda kutafuta gari la Sotik la kumrudisha nyumbani, kidole chake kikiwa bado safi.

Wakili hajaniita. Kila kiti chake kinapolia nadhani sasa ni zamu yangu, na najua nikifukuzwa hakuna ofisi nyingine mjini itakayonichukua. Hilo naliogopa. Lakini usiku huu ninachokihisi ni mkono wa baba begani. Alikuwa ananipa pole, mama. Alidhani tumekosewa wote wawili.

Kesho ni Jumamosi, naenda nyumbani. Barua hii haina posta ya kuifikisha kwako, kwa hiyo nitamsomea baba, jikoni, kabla hajavua buti za shamba. Nikimaliza nitaisoma tena tangu mwanzo, kwa kuwa mara ya kwanza huenda akakataa kusikia. Akishasikia, atasema yeye kama nibaki pale nyumbani au niondoke.

Bahasha nimeiacha wazi. Pumzika, mama.

Mimi mwanao,
karani wako